Nilivyompeleka Sabina Kasenga Kuoshwa

Wenzangu, tangu nirudi nikienda bombani kuteka maji nasimamishwa. Huyu anauliza kulikuwaje, yule anauliza kama ni kweli, mwingine haulizi kitu, anamtazama tu mtoto mdomoni halafu anageuka pembeni. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kipande nilichompa mtu asubuhi kinanirudia jioni kimeota mkia. Kwa hiyo nimeandika yote hapa, kwa Kiswahili nilichofundishwa na masista. Anayejua kusoma awasomee wengine. Habari za karatasi ya ruhusa ya kutoka mjini sizisemi. Mlango wa ofisi ile mnaujua wenyewe.

Kwa asiyetujua: mimi ni Agnesi, Muluba wa kaskazini, ila nimezaliwa hapa hapa Elisabethville, baba yangu alikuwa fundi wa reli. Mume wangu, Musonda, ni mtu wa Luapula, kwao Kasenga. Mtoto wetu wa kwanza, Sabina, alipoota meno alianza na ya juu. Mtoto wa namna hiyo anaitwa kinkula, na wazee wa kwetu na wa kwao wanakubaliana kwamba analeta mkosi nyumbani. Sijui jambo lingine lolote wanalokubaliana. Mimi nilisema meno ni meno. Lakini jino la pili halijatoka vizuri, mashine ya karakana ikamkata Musonda vidole viwili vya mkono wa kushoto. Basi, kambi nzima ya wafanyakazi ikawa imempata mkosaji, naye hata kusimama alikuwa hajui.

Halafu likaja neno kutoka Kasenga, limebebwa na dereva wa lori la samaki: mama mkwe anataka mtoto apelekwe huko, vikongwe wamwoshe mtoni Luapula, na mama yake asikaribie. Zamani si watoto wote waliorudi kutoka kwenye kuoshwa huko. Hakuna aliyelitamka hilo. Musonda aliposikia aliitazama tu bandeji yake, na hilo lilinitia hasira kuliko maneno yote ya majirani.

"Tusipoenda, Yama ataniita nirudi nyumbani," akasema mwishoni. "Akiniita, siwezi kukatala."

Yama ni mjomba wake, kaka wa mama yake. Kwao Luapula, mjomba ndiye mwenye neno.

"Weye hauende. Mukono yako ingali na damu," nikamwambia. "Nitaenda miye na mutoto wangu."

"Utabaachia mutoto?"

"Nitaenda kubaonesha."

Kuwaonesha nini, sikujua bado. Nilijua tu kwamba nikikaa kambini watakuja wao, na wakija watamkuta mume wangu amekwisha kukubali.

Juu ya lori la chumvi

Malori ya Kasenga mnayajua: yanakwenda na chumvi, unga na vitambaa, yanarudi na samaki na barafu. La kwetu lilikuwa la Mgiriki mmoja, dereva wake anaitwa Donasiani, mtu mpole mwenye shingo nene. Mbele alikaa karani wa Mgiriki. Sisi wengine tulipanda juu ya magunia.

Nilikaa karibu na Mama Leontina, mwanamke mnene anayeuza vitenge huko Kasenga. Alinipenda kabla hata hatujatoka mjini. Alinipa karanga, akanipa nusu ya mkate wake na kipande cha bitoyo, samaki wa chumvi anayekufanya utafute maji mpaka jioni, akanisimulia waume zake wote watatu. Mimi nilikuwa nimemfunika Sabina mdomo kwa kitambaa. Nilisema ni kwa sababu ya vumbi.

Lori lilisimama mara ya kwanza kwa sababu maji ya injini yalichemka. Likasimama tena kwa pancha. Hakuna aliyenuna, watu walishuka, wakajinyoosha, wakataniana. Mara ya tatu tulizama matopeni. Wanaume waliposukuma, mmoja akateleza akaketi ndani ya tope, na Sabina akacheka. Alicheka kwa mwili wote, kitambaa kikaanguka.

Mama Leontina akaacha kutafuna.

"Mama Sabina, ile ya juu njo ilitangulia?"

Ningeweza kusema ya chini yanakuja. Midomo yangu ilikuwa tayari kusema hivyo. Lakini nilimwona mwanangu anawachekea watu hao bila wasiwasi, nikaona haya kumkana.

"Njo yenyewe," nikasema.

Mngewaona! Ghafla kila kitu kikapata sababu: maji yaliyochemka, pancha, tope, hata bibi mmoja aliyesahau sufuria yake mjini akakumbuka kwamba aliisahau kwa ajili ya Sabina. Walishauriana kwa sauti ya chini, kama mtu hasikii akiwa amekaa gunia moja nao. Kisha Donasiani akaja, kofia mkononi.

"Mama, minakuomba. Ushuke kwenye kijiji kinafwata. Kesho motoka ingine itapita."

"Nimekosa nini?"

"Haukosi kitu. Lakini bantu banaogopa."

"Donasiani, angalia tairi yako. Haina jino hata moja, ya juu ao ya chini. Njo ile ungeteremusha."

Wawili walicheka wakajizuia. Mama Leontina hakunitazama. Donasiani aliushusha mzigo wangu kwa mikono miwili, akauweka polepole chini ya mti, akaniambia pole, akaniacha barabarani. Upole wake uliniudhi zaidi. Mtu anayekutupa afadhali akutupe, ili nawe ujue pa kumchukia.

Kijiji nilichoachwa

Nilipokelewa na mwanamke anayepika munkoyo, kinywaji kile cha mizizi. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alinipa kikombe, akanipa bukari, ule ugali wa muhogo, na mboga ya sombe, halafu akamtazama Sabina, ambaye nilikuwa nimemfunika tena.

"Mutoto iko na bidonda mu kinywa?"

Nikaitika kwa kichwa tu, maana nilikuwa nimechoka kusema. Kumbe nimejitafutia kazi. Mama yule aliinuka, akaita dada yake, dada akaita jirani, wakachuma majani, wakachemsha, wakapoza, wakaja watatu na bakuli kumwosha mtoto vidonda ambavyo hakuwa navyo. Mmoja alimshika kichwa, mwingine miguu. Nikaona aibu. Nikakitoa kitambaa mwenyewe.

"Hana bidonda. Iko na meno. Ya juu ilitangulia."

Wakatazama. Mwenye bakuli akauliza, "Zinauma?"

"Zinaniuma miye, kwa ziwa."

Walicheka mpaka dawa ikamwagika. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu bandeji ya Musonda. Baadaye, tunasafisha mboga, mama wa munkoyo akaniambia hivi: "Hata hapa banasema kinkula iko mubaya. Lakini mwaka ule mvua ilikatala kabisa, kinkula hapa hatukuwa naye. Tulitafuta wa kulaumu, tukakosa, tukalaumiana sisi wenyewe."

Kitambaa kile nilifutia sufuria, na sikumfunika tena Sabina mdomo, si kwa vumbi wala kwa watu.

Lori la pili

Lori la unga lilipita asubuhi, likanichukua. Hatukwenda mbali. Baada ya daraja moja la miti tulimkuta Donasiani na lori lake mtaroni, limelala ubavu, magunia ya chumvi yamepasuka. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mama Leontina alikuwa ameketi kando ya barabara, mguu umevimba.

Waliponiona juu ya lori lingine, mzima, na mtoto mzima, wakaanza kugombana.

"Nilisema! Ule mutoto alituachia mukosi yake!" alipiga kelele aliyeteleza matopeni.

"Hapana!" akajibu bibi wa sufuria. "Mungu alimushusha kusudi asivunjike. Mutoto njo alikuwa bahati yetu, na sisi tulimufukuza!"

Lori ni moja, mtaro ni mmoja, na tairi ile ile isiyo na jino imepasuka mbele ya macho yao. Hawakuiangalia. Waligawanyika makundi mawili, na kundi la bahati lilikuwa linashinda. Bibi akanishika sketi.

"Mama, mulete mutoto, aguse motoka na mukono yake, tuivute itoke."

Nitasema kweli: nilitamani. Tangu meno yale yatoke, hakuna mtu aliyemwita mwanangu kitu kizuri, na neno hilo lilikuwa tamu. Karibu nishuke naye. Lakini nikafikiri: nikiipokea sifa leo, kesho wakija na lawama nitaikataa kwa mdomo gani?

"Jana mukono yake ilivunja motoka. Leo inatengeneza?" nikawaambia. "Sabina si fundi. Muite fundi."

Dereva wetu alikubali kumchukua Mama Leontina kwa ajili ya mguu. Tulimweka mbele pamoja nami. Mguu wake ulitaka kunyooshwa, ukanyooshwa juu ya mapaja yangu, na hapo ikaonekana kwamba Sabina hana pa kukaa isipokuwa kwake. Alimshika kwa mbali, mikono imenyooka, kama mtu aliyepewa chungu cha moto. Barabara ya Kasenga ina mashimo, huwezi kumshika mtoto hivyo muda mrefu. Mwishowe akamkumbatia. Sabina akaikamata rozari yake, akaitia mdomoni, akalala.

Tulipita vijiji viwili.

"Iko na uzito kama batoto bengine," Mama Leontina akasema.

"Unazani angekuwa na uzito gani?"

Alimvutia Sabina kitenge chake kichwani, jua lisimpige. Tulipofika hakuniomba nimpokee mtoto, nilimchukua mwenyewe.

Kwa mama mkwe

Kasenga inanuka samaki kabla hujaiona. Mbele ni mto, mpana, na ng'ambo yake ni nchi ya Waingereza. Kuna nyumba za Wagiriki, mashua, masanduku ya barafu, na wanawake wanaosema kwa sauti hata wakisalimiana.

Mama mkwe, anayeitwa Bana Musonda, yaani mama wa Musonda, ni mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho ya mume wangu. Nilipiga magoti, nikapiga makofi kama inavyotakiwa. Aliitikia vizuri. Alimtazama Sabina muda mrefu, mikono yake ikasogea kidogo, kisha akaificha ndani ya kitenge. Nikajua anaogopa. Nilikuwa nimekuja kumchukia, na kuogopa kwake kuliniharibia.

Yama alifika na kofia yake na wazee wawili. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Aliuliza habari za njia, akaamuru niletewe samaki wa makobo wakubwa na bukari, akangoja nile. Nilipokwisha kunawa, akasema vikongwe wako tayari. Kesho, jua likichomoza, watamwosha. Mimi nitabaki nyumbani.

"Yama," nikasema, bado nimepiga magoti, "kwenu hapa mutoto ni wa ukoo ya nani?"

"Ya mama," akajibu upesi, kwa fahari. Ndiyo desturi yao.

"Basi uyu ni wa kwetu Baluba. Munamuita hapa kwa haki gani?"

Mzee mmoja akakohoa akificha kicheko. Yama hakucheka.

"Kwenu Baluba, mutoto ni wa baba."

"Njo vile. Na baba yake iko Elisabethville. Hakumutuma mutu kumuosha mutoto wake."

Nilidhani nimeshinda. Nilijipongeza mapema, kosa langu la siku zote. Yama alivua kofia, akaiweka gotini.

"Muzuri. Mutoto si wangu. Lakini Musonda ni wangu, mutoto ya dada yangu. Nitamuita, na atakuya. Weye utabaki kule na kinkula yako. Imekula mukono ya Musonda, sitangojea ikule mutu muzima."

Nilijua Musonda akiitwa ataenda. Mume wangu nampenda, lakini namjua. Nikaona nyumba yangu inavunjwa na mtu ambaye ameamuru hata niletewe maji ya kunawa. Hasira ikanijia, na ndani ya hasira hiyo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiri kamwe.

"Kama meno ya mutoto ilikula vidole mbili, nani alibakisha munane?"

Nikainua mikono yote miwili, vidole viwili nimevikunja.

"Mashine ile ingekula mukono yote! Munahesabu zenye zilienda, zenye zilibaki munamupa nani? Mubaya yote ni ya Sabina, na muzuri haina mwenyewe?"

Wa kwanza kusema alikuwa mama mkwe, kwa sauti ndogo.

"Munane? Mukono haikukatwa?"

"Vidole mbili tu, mama. Anakula nayo bukari."

Bana Musonda akajifunika uso akalia. Tangu habari ilipofika alikuwa anamlilia mwanawe asiye na mkono. Yama ndiye aliyemwambia hivyo. Na katika kulia kwake likatoka lingine: yeye hakutuma neno la kuosha mtoto. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, aletewe mjukuu amwone. Yama aliigeuza kofia yake, akaitazama ndani.

"Hata vile," akasema. "Kesho asubui ataoshwa."

Mtoni

Sikungoja kesho. Jua lilikuwa juu, mashua zilikuwa zinashusha samaki, ufuko mzima umejaa watu. Nilifungua mzigo wangu, nikatoa kipande cha sabuni, ile ya njano ninayofulia, nikamweka Sabina kiunoni nikatoka.

"Unaenda wapi?" Yama akauliza.

"Kumuosha mutoto. Si munataka aoshwe?"

Walinifuata. Njiani watu wakauliza kuna nini, na kila aliyeuliza akaungana nasi, hata nilipofika majini nilikuwa na umati kama wa Pasaka. Niliingia mpaka magotini. Wavuvi wakapiga kelele kwamba kuna mamba, na wawili wao wakashuka na makasia, wakawa wanapiga maji kunizunguka, Mungu awabariki, sijui hata majina yao.

Nikamwosha. Nilimwosha kama ninavyomwosha kila siku hapa kambini: shingo, masikio, kwapa, mikunjo ya mapaja yenye vumbi lote la barabara ya Kasenga. Sabuni ikamwingia machoni akapiga ukelele, mdomo wazi, na meno yake mawili yakaonekana na kila mtu.

"Muangalie!" nikawaambia. "Muangalie vizuri, kusikuwe mutu wa kuuliza kesho!"

Nilisema kwa nguvu kwa sababu niliogopa.

Kisha nikasikia maji nyuma yangu. Bana Musonda alikuwa ameingia mtoni na nguo zake zote. Nilirudi nyuma hatua moja. Alinyoosha mikono.

"Nipe."

Sikumpa. Akaja karibu, akasema kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu.

"Wangu wa kwanza alikuwa vile. Balimuleta hapa. Balinikataza kuangalia. Nipe, mwanangu, nimumalizie miguu."

Nikampa. Nililia hapo ndani ya maji mbele ya Kasenga nzima, na sijali aliyeona. Yeye hakulia tena. Alimwosha Sabina miguu yote miwili, kidole kwa kidole, macho hayakubanduka, akafungua kitenge chake cha juu akamfunga nacho, akatoka majini akasimama mbele ya kaka yake.

"Ameoshwa. Nani iko na neno ingine?"

"Haifanywe vile," Yama akasema. "Banabibi njo—"

"Njo vile inafanywa."

Yama alitazama watu, na watu walikuwa wanatazama samaki wao wanaoharibika juani. Akavaa kofia, akasema ana nyavu za kuangalia. Musonda hakuitwa. Siku nilizobaki pale, mama mkwe hakumshusha mtoto mgongoni ila kwa kunyonya.

Kurudi

Tulirudi juu ya masanduku ya barafu, tumelowa, tunanuka. Musonda alitungoja njiani, akamchukua mtoto kwa mkono ule ule wenye bandeji, akanuka samaki naye. Nilimwambia yote. Nilipofika kwenye mtoto wa kwanza wa mama yake, ambaye hakuwahi kumsikia, alikaa chini.

Sasa mnajua kwa nini nimeandika. Juzi Musonda amepewa kazi nyepesi ghalani, na leo asubuhi watu watatu wamenipongeza: "Dawa ya Kasenga iko na nguvu." Mmoja ameniuliza kama naweza kumpelekea mwanawe.

Sikilizeni. Hakukuwa na dawa, kwa sababu hakukuwa na mkosi. Vidole vya mume wangu havitaota. Kesho akipata homa, au akipata nyongeza, msije kwangu kumtazama mtoto mdomoni. Meno ya chini nayo yameanza kutoka, na yanauma vilevile.

Na mama yeyote ambaye mwanawe atatanguliza ya juu hapa kambini, asipande lori la mtu. Aje kwangu mchana, watu wakiwa wengi. Sabuni bado ninayo.